Nilimwambia "Nenda" Kwenye Feri

Saa kumi na moja na nusu jioni, Mombasa, upande wa kisiwani, na banda la kusubiria feri limejaa hata pa kutia mguu hapana. Mkono mmoja nina mfuko wa ndimu, mkono wa pili nina kiatu kilichokatika kamba, na mawazo yangu yote yako kwenye kuwahi pale ukingoni penye upepo. Nikasikia, "Mwalimu! Mwalimu!"

Alikuwa kijana niliyemfundisha shahada ya kwanza. Siku hizi anafanya kazi ya makaratasi ya mizigo bandarini. Watu walikuwa wamemsukuma mbali nami, na katikati yetu pana mkokoteni wa mananasi.

"Mwalimu, samahani, naomba nikuulize. Nataka kwenda kusomea PhD ya sosholojia. Niende, ama niache?"

Mageti yakafunguliwa papo hapo. Mnaovuka Likoni mnajua kinachofuata: hutembei, unatembezwa. Nikamwona anachukuliwa na mkondo wa watu, shingo kaigeuza nyuma, macho bado yananiuliza. Nikapaza sauti.

"Nenda!"

Honi ya feri ikalia, na kijana akapotea.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Nimekuwa nikilikumbuka neno lile nikipika, nikisahihisha mitihani, na usiku umeme ukikatika na joto likaninyima usingizi. Nilimjibu kama tunavyomwambia "inshallah" mtu aliyetualika harusi ambayo tunajua hatutakwenda. Mimi uzamivu wangu, yaani hiyo PhD, nao wa sosholojia, elimu ya jamii, ulinichukua miaka minane. Mtu wa miaka minane anajibuje kwa neno moja?

Kwa hivyo hili ndilo jibu lenyewe, kwa yeye na kwa yeyote aliyesimama pale getini.

## Nilivyoingia

Nisijipambe. Sikuingia kwa mapenzi ya elimu, niliingia kwa woga.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vipya vilivyosema kwamba anayetaka kuitwa mhadhiri sharti awe na shahada ya uzamivu, na waliokuwa kazini bila shahada hiyo wakapewa miaka mitano. Kila aliyekuwa akifundisha na shahada ya uzamili tu akaanza kukimbia, nami nikakimbia nao. Nilijaza fomu wiki moja kabla ya kufungwa, na pale palipotaka mada ya utafiti nikaandika kitu cha kwanza kilichonijia: migogoro ya ardhi Mombasa. Nani hajui kwamba Mombasa kuna migogoro ya ardhi?

Mada hiyo ilinitafuna miaka mitatu. Nitaifikia.

Kabla hujalipa hata shilingi, uliza programu unayoiendea ni ya namna gani, kwa sababu jina ni moja na safari si moja. Marekani utakaa darasani miaka miwili au zaidi, kisha ufanye mtihani mkubwa wa kuonyesha kwamba unaujua uwanja wako kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu. Wengi huko humaliza baada ya miaka sita, saba, hata nane. Uingereza kwa kawaida unaingia moja kwa moja kwenye tasnifu, miaka mitatu hadi minne. Kwetu Kenya ziko za aina zote mbili. Yangu ilikuwa na mwaka wa masomo ya darasani, na nashukuru, maana bila mwaka ule nisingejua hata kwamba sijui kusoma.

## Kusoma kwa ugomvi

Nilidhani najua kusoma. Nimelelewa madrasa ya Kibokoni, nikaja shule, nikaja chuo, na kote huko kusoma kulikuwa kuhifadhi: mwenye kitabu kasema nini, kwa mpangilio gani. Wiki ya tatu nikasimama mbele ya wenzangu saba nikamweleza Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, vizuri sana. Nikaeleza alivyoonyesha mwaka 1897 kwamba hata kujiua, jambo ambalo ungedhani ni la mtu na nafsi yake, hupanda na kushuka kufuatana na jinsi watu walivyofungamana na wenzao. Nikaketi nikingoja kusifiwa.

Mwalimu akauliza, "Alikuwa anagombana na nani?"

Sikuwa na jibu. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba kitabu ni upande mmoja wa ugomvi, na kwamba usipoujua upande wa pili hujakisoma. Tangu siku hiyo nikawa nasoma kwa namna nyingine, polepole, kama mtu anayesikiliza mabishano ya majirani kupitia ukuta na kujaribu kukisia yule wa pili anasema nini.

Ami yangu, ambaye ni maalim, aliwahi kuomba aione orodha ya vitabu vyetu. Akavaa miwani, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Ilianza na Comte, Mfaransa aliyeipa elimu hii jina lake katika miaka ya 1830. Ami akarudi juu, akashuka tena.

"Ibn Khaldun yuko wapi?"

Hakuwepo. Mtu aliyekaa chini mwaka 1377, katika ngome moja huko ambako leo ni Algeria, akaandika jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka kwa nguvu ya asabiya, ule mshikamano wa kikundi, zaidi ya miaka 450 kabla ya Comte kutoa jina, hakuwa na hata mstari mmoja. Nikalipeleka swali darasani. Mwalimu akasema, "Basi liandikie." Nikaandika kurasa ishirini. Nilipata B, na ami hajalisamehe jambo hilo mpaka leo.

Lakini hapo ndipo nilipoanza kuonja. Mtu aliyeingia kwa woga akawa ana jambo la kubishania.

## Makaratasi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mambo yenyewe hayana ladha. Pendekezo la utafiti unalitetea idarani, kisha mbele ya kitivo. Unakwenda kamati ya maadili. Ukitoka huko unaomba kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ambayo ndiyo inayotoa ruhusa za utafiti nchini chini ya sheria ya 2013. Kibali ni cha mwaka mmoja, ukichelewa unahuisha. Nacho unakipeleka kwa kamishna wa kaunti, ukashuke mpaka kwa chifu, ukashuke mpaka kwa mzee wa mtaa.

Mimi nilifika kwa mzee wa mtaa Majengo na faili lenye mihuri minne. Hakulifungua. Aliniuliza, "Wewe ni wa nani?"

Nikamtaja nyanyangu.

Akaita mtoto alete kiti.

## "Niulize nyumba"

Msiokuwa wa Mombasa, nawapa mistari miwili. Hapa mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi. Nyumba ni yake, kaijenga, anaipangisha, anaiuza, inarithiwa. Kiwanja chini yake ni cha mtu mwingine, na kila mwezi anamlipa kodi ya ardhi. Sheria iliyokuja na Waingereza inasema kilichojengwa juu ya ardhi kinaifuata ardhi. Huku pwani desturi ilishakubali kwamba viwili hivyo vinaweza kuwa na wenyewe wawili.

Basi mimi nilikwenda Majengo na maswali thelathini na mawili kuhusu migogoro ya ardhi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nani anamiliki ardhi hii? Umewahi kupewa notisi? Unahofia kufukuzwa? Watu walinijibu kwa adabu, kwa ufupi, kisha wakanipa chai. Nyumba kumi na nne nilizungumza nazo hivyo. Nikirudi nyumbani nikasikiliza rekoda nasikia sauti yangu tu. Swali refu, jibu fupi. Swali refu, jibu fupi. Msimamizi wangu akaniandikia kwamba data ni nyembamba, niongeze wahojiwa.

Nyumba ya kumi na tano ilikuwa ya bi mmoja mjane, umri wake miaka sabini na kitu. Nyumba ya Kiswahili kama zile mnazozijua, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, uani jiko na choo. Yeye alikaa chumba kimoja, vitano vina wapangaji. Alikuwa anachambua mchele kwenye uteo. Nikawasha rekoda, nikaanza swali la kwanza.

Alinisikiliza mpaka la nne. Akaweka uteo chini.

"Mwanangu, wewe waniuliza ardhi. Mimi ardhi sina. Niulize nyumba."

Nikanyamaza. Sikuwa na swali hata moja kuhusu nyumba.

Hakungoja. Akaniambia chumba kipi kilijengwa mwaka gani na kwa pesa za nini: hiki kwa mahari ya binti, hiki marehemu alipopokea malipo yake ya bandarini, hiki kwa mchezo wa wanawake kumi na wawili ambao kila mmoja alimpa zamu yake. Akaniambia kwa nini mlango wa uani umehamishwa. Akaniambia mpangaji gani amekaa miaka ishirini bila kuongezewa kodi, na kwa nini, na ni siri gani hiyo nisiiandike. Akaniambia kwamba yeye hahofii mwenye ardhi. Anahofia wanawe kugombania chumba cha mbele atakapokufa, kwa sababu ndicho chenye dirisha la barazani, na mwenye chumba kile ndiye watu humsalimu kwanza.

Saa mbili na dakika arubaini. Sauti yangu humo haisikiki ila kwa "ehee".

Nilivuka feri usiku ule nikijua kwamba mada yangu imekufa. Nilikwenda kutafuta migogoro kwa sababu migogoro ndiyo niliyokuwa nimesoma vitabuni, na ndiyo magazeti huandika. Watu wenyewe walikuwa na habari nyingine kabisa: namna nyumba inavyojengwa chumba kwa chumba, kwa miaka arubaini, juu ya kiwanja kisicho chako, na jinsi vyumba vile vinavyoshikilia ukoo. Nikiendelea na maswali yangu nitamaliza mapema na kuandika uwongo uliopangika. Nikibadilisha, narudi kwenye pendekezo, kwenye kamati, kwenye kibali.

Nilibadilisha. Ilinigharimu mwaka na nusu na karo ya mwaka na nusu. Mume wangu hakusema neno, na katika lugha ya nyumba yetu hiyo ni hotuba ndefu.

Kijana wangu, kama utaniuliza uzamivu ni nini hasa, nitakuambia ni siku ile. Ugumu wa vitabu unazoeleka. Tarajia siku ambayo mtu mwenye uteo atakuonyesha kwamba swali lako si swali, na utakuwa umeshatumia pesa za watu na miaka ya watu kulibeba.

## Bwana wa ardhi

Kisha nikaanza kuandika, na tasnifu huandikwa kwa Kiingereza.

Mahojiano yote yalikuwa kwa Kiswahili, tena cha Mvita, chenye mafumbo yake. Niliketi nikitafsiri, na neno la pili tu likanishinda. Majengo kuna mwenye ardhi na kuna mwenye nyumba. Kiingereza, kwa yule anayepangisha vyumba, kinatumia neno "landlord", ambalo ukilikata vipande linasema "bwana wa ardhi". Yaani yule bi mjane asiye na hata pishi ya mchanga, kwa Kiingereza ningemwita bwana wa ardhi. Ningelifuta kwa neno moja lile jambo lenyewe nililotumwa kulieleza.

Ukadhani ni kosa dogo. Nilipoanza kuangalia, nikaona ndivyo wengi walivyoandika kuhusu miji yetu: neno linachukuliwa kwao, linavishwa watu wa kwetu, kisha tunashangaa kwa nini sera haziwashiki.

Nikaamua "mwenye nyumba" abaki "mwenye nyumba", kurasa mia tatu. Msimamizi mmoja alilipinga jambo hilo kwa mwaka mzima, akisema wasomaji wa nje watachoka. Mwingine alinyamaza tu. Siku moja yule aliyenyamaza akarudisha sura yangu ya nne, na kila mahali nilipokuwa nimeteleza nikaandika neno la Kiingereza, yeye kaandika juu yake kwa penseli: mwenye nyumba. Nililia. Walioandika tasnifu wanajua mtu anaweza kulia kwa sababu ya penseli.

## "Wamaliza lini?"

Sasa kuhusu kungoja.

Hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya uzamivu ni kungoja. Unangoja sura isomwe. Yangu moja ilikaa kwa mtu miezi saba. Nilikuwa naona alama mbili za buluu kwenye simu, kasoma ujumbe, na hapana jibu, na wewe huwezi kumkumbusha zaidi ya mara moja kwa mwezi kwa sababu yeye ni mkubwa na una haja naye. Wahadhiri waligoma 2017, wakagoma tena 2018, na haki yao walikuwa nayo, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao upande mmoja na mwanafunzi upande wa pili. Mwaka 2020 ukaja na korona. Vyuo vikafungwa Machi. Mei serikali ikafunga Mji wa Kale, hapana kutoka hapana kuingia, na nusu ya watu niliobakisha kuzungumza nao walikuwa ndani.

Na harusini, kila harusi, "Ile PhD yako wamaliza lini?" Wanauliza kwa mapenzi. Ni kama kumuuliza aliyeolewa miaka sita kama kuna habari yoyote.

Lakini niseme lile ambalo kwa kawaida hatulisemi. Mwaka 2018, kwa miezi tisa, sikufungua lile faili hata mara moja. Si kwa sababu ya mgomo. Mgomo ulikuwa kisingizio kizuri. Nilikuwa nikiiona kompyuta kifua kinabana. Nilipika, nilifundisha, nilicheka na watu, na kila usiku nilijiambia kesho. Wenzangu tulioanza pamoja tulikuwa wanane. Watatu walikuwa wameshaacha kimyakimya bila kuaga, na nilianza kuwaelewa vizuri sana. Sosholojia ina mzaha wake hapo: unasoma kurasa elfu kuhusu mtu kukatika na wenzake, na hujui kwamba wewe ndiye.

Kilichonirudisha hakikuwa moyo wa ushujaa.

Yule bi alifariki. Nilikwenda matangani, nikakaa mkekani na wanawake wengine. Siku ya tatu binti yake mkubwa akanisogelea, akaniuliza chini kwa chini, "Ile sauti ya mama, unayo?"

Ninayo. Saa mbili na dakika arubaini.

Na nilikuwa nimeweka saini mbele ya kamati ya maadili kwamba sauti zile hatazisikia mtu ila mimi na wasimamizi wangu. Nilimwahidi marehemu mwenyewe, uso kwa uso. Ndani yake kuna siri ya mpangaji, na ndani yake kuna yale aliyoyasema kuhusu wanawe, akiwemo huyu aliyeketi mbele yangu na macho mekundu, anayetaka tu kusikia mamake akicheka.

Nilirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa nikafungua faili. Nilisikiliza yote, mara mbili. Kisha nikakata dakika kumi na moja: pale anapoeleza chumba cha kwanza kilivyojengwa, na marehemu mumewe alivyopima ukuta kwa kamba ikatoka upande. Hapo anacheka. Hapana jina la mtu aliye hai humo. Nikaandikia kamati kuomba ruhusa. Wiki nne, kimya. Arubaini ya marehemu ikakaribia.

Nikampa.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Kanuni zile zimewekwa kwa sababu watafiti waliwahi kuwadhuru watu, na mimi huwafundisha wanafunzi wangu kanuni hizo bila kupepesa macho. Na bado, nikiulizwa tena, nadhani nitampa tena. Jibu la kamati lilikuja baada ya miezi minne. Walisema niwasilishe fomu nyingine.

Lakini faili lilikuwa limeshafunguka. Kesho yake nikaandika kurasa mbili.

## Munich, 1917

Swali lako la kweli, kijana wangu, najua ni hili: kuna kazi?

Nitakujibu kwa kisa. Novemba 1917 Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, alisimama mbele ya wanafunzi mjini Munich. Walikuja kusikia utukufu wa elimu. Yeye akaanza na mshahara. Akawaeleza kwamba kwao Ujerumani kijana aliyefuzu huanza kama mhadhiri asiye na mshahara, anayeishi kwa ada za wanafunzi waliojiandikisha kumsikiliza, na hana hakika kama siku moja atapata nafasi ya kudumu. Akasema wazi kwamba nani hupata cheo na nani hukosa ni jambo la bahati kwa kiwango kikubwa, na kwamba maisha ya chuo ni kamari.

Nilipoisoma hotuba ile nikacheka peke yangu maktaba. Mwaka huo nilikuwa mhadhiri wa muda, nalipwa kwa somo, na malipo ya muhula wa kwanza yalikuwa hayajaingia na muhula wa tatu umeanza. Zaidi ya miaka mia imepita, na mtu wa Munich ananisimulia Mombasa.

Kwa hivyo usiende kwa kuahidiwa. Wako wenye uzamivu wa sosholojia walio vyuoni, wako kwenye mashirika, wako serikali za kaunti, na wako ambao wana madarasa sita katika vyuo vitatu na nauli ndiyo inayokula mshahara. Ukipata anayekulipia karo, nenda na moyo mkunjufu zaidi. Ukijilipia kwa mkopo, hesabu mara mbili, kisha mwite mtu mwingine ahesabu. Na wakikutumia barua pepe kwamba makala yako itachapishwa ndani ya wiki moja kwa dola mia mbili, usilipe. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka makala mawili yaliyopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na wanaojua shida hiyo wameifungulia duka.

## Mbele ya kamera

Nilitetea 2022. Nilikuwa nimeota ukumbi, majoho, ami yangu mstari wa mbele. Ilikuwa kwenye skrini, chumbani, feni imezimwa kwa sababu ya kelele, jasho likinitiririka chini ya baibui. Watahini wanne, mmoja kamera yake inaonyesha dari tu.

Waliuliza saa mbili. Mengi nimeyasahau. Mtahini wa nje ndiye aliyeuliza kwa nini neno "mwenye nyumba" sikulitafsiri hata mara moja. Nilikuwa na jibu la kinadharia la kurasa tatu. Badala yake nikajikuta namsimulia uteo wa mchele, na yale maneno, niulize nyumba. Yule wa dari akasogeza kamera yake, nikamwona uso kwa mara ya kwanza.

Nilipita, kwa marekebisho ya miezi mitatu. Nilizima kompyuta, nikawasha feni, nikakaa. Niliingoja furaha ije. Kilichokuja ni njaa. Nikaenda Mwembe Tayari nikanunua viazi karai, nikala nimesimama.

## Simu

Alhamisi iliyopita nilipata nambari ya yule kijana kwa mwenzake. Nilikuwa nimeandika ujumbe mara tatu, nikaufuta mara tatu, mwisho nikapiga.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba. Sikiza, lile jibu nililokupa pale feri—"

"Ah, Mwalimu, ahsante sana kwa lile. Nimelifuata."

Moyo ukanidunda. Nikamuuliza kama ameshajaza fomu. Ameshalipa?

"Fomu gani? Si uliniambia ningoje?"

Nikatulia kidogo.

"Nilisema nenda."

"Mimi nilisikia ngoja. Ile honi." Akacheka, kisha akaacha. "Kwa hivyo nangoja."

Nikamwambia aje Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwetu, na asije siku anayokimbilia feri.